Boneti Juu ya Kompresa

Mume wangu wanamwita Pasi. Jina hilo alipewa na fundi aliyemfundisha kazi, kwa sababu bati liwe limekunjamana namna gani, likipita mikononi mwake linatoka limenyooka. Miaka thelathini na mitatu ananyoosha bodi za magari, na siku hizi kitu pekee kilichomshinda kukinyoosha ni mgongo wake mwenyewe. Namcheka, ndiyo, lakini na mimi wangu hauna afadhali. Mimi nashona viti vya hayo hayo magari, na mtu aliyeinamia cherehani tangu ujana asitegemee kutembea wima.

Gereji yetu ni ua mmoja, nusu una paa, nusu jua linapiga. Karibu na geti kuna benchi la mbao la wateja. Kwenye kona kuna kompresa ya kupigia rangi, na juu yake, kuikinga na mvua, imelazwa boneti ya gari la zamani iliyoshika kutu na masizi hadi huwezi kujua ilikuwa rangi gani. Mafundi wenzetu wakipita wanatania, "Pasi, yaani umekosa hata kipande cha bati la kuezekea?" Pasi hajibu. Kwa maneno, mume wangu ni bahili kupindukia, na yote yaliyobaki hapa nyumbani nimeachiwa niyaseme mimi.

Mwaka huu tulikuwa tumekubaliana tupumzike. Tumechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umeisha. Pasi akiamka hawezi kushika kikombe mpaka niilowanishe mikono yake kwenye maji ya moto. Sikio la kushoto limeshakwenda na nyundo. Tulisema kazi zilizopo ziishe, tufunge geti, tukae kama watu. Hapo ndipo alipotokea Daktari.

Ni daktari wa meno, mtu wa miaka arobaini na mitano hivi, msafi, asiyependa porojo. Alikuja asubuhi na gari la spoti la milango miwili, la kijivu, lenye bampa nene nyeusi za plastiki na madigadi, yale mabati ya kufunika matairi, yaliyovimba. Wakati wake lilikuwa gari la watu kugeuza shingo. Hakutaka chai, hakutaka kiti. Alitoa picha mfukoni akampa Pasi.

"Fundi, nataka hili liwe kama hili."

Nilisogea nichungulie. Kwenye picha kulikuwa na mwanamke mwembamba amevaa gauni la maua ya bluu, anacheka, ameegemea gari la njano. Lilikuwa gari la ukoo huo huo, lakini toleo la mwanzo: bampa nyembamba za kromu, madigadi yaliyobana mwili, boneti ndefu iliyoshuka mbele taratibu.

"Huyo ni mama yangu, na hilo lilikuwa gari lake," Daktari alisema. "Hili ni toleo la baadaye, lakini nimesoma, chasisi ni ile ile. Unaweza kulivalisha sura ya zamani?"

Pasi alichukua soksi yake. Niseme kidogo habari ya soksi. Mume wangu halikagui bati kwa macho. Anasema macho yanadanganywa na rangi. Anavaa soksi kuukuu mkono wa kushoto, anafumba macho, halafu anaupitisha mkono juu ya bati polepole. Soksi inateleza, na kiganja kinasikia kila bonde na kila kilima. Basi akaanza kwenye taa ya mbele kuelekea mlangoni. Katikati ya digadi mkono ukasimama. Akaurudisha nyuma, akaupitisha tena, ukasimama pale pale. Akafumbua macho, akaangalia kompresa kule kwenye kona.

"Naweza," akasema.

Nilijikaza kisabuni mpaka Daktari akaondoka, halafu nikamwaga yote.

"Hivi wewe una akili? Leo asubuhi nani amekufunga vifungo vya shati? Kubadili gari zima sura, miezi minne hiyo! Na tulikubaliana nini?"

"Mama watoto," akasema, "ndilo lile."

"Lile lipi?"

"La yule mzee wa benchini."

Nikakaa chini.

Ni habari ya miaka thelathini na moja. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefungua gereji, nina mimba ya mtoto wetu wa kwanza, naishi kwa kutapika. Akaja baba mmoja na gari la njano, toleo la mwanzo, zuri, halina hata mchubuko. Akasema anataka lifanane na matoleo mapya. Watu wengi walifanya hivyo zamani zile: gari likianza kuonekana la kizee, unakata madigadi ya zamani, unaunga mapana, unavalisha bampa za plastiki, jirani anadhani umenunua jipya. Lakini huyu hakuwa na sura ya mtu wa kujionyesha. Pasi akamwambia, "Mzee, hili ni zuri lilivyo, mbona unataka kuliharibu?" Yule baba akakaa kwenye benchi, akalia mbele yetu bila aibu.

Mkewe alikuwa amefariki mwezi uliopita. Gari lilikuwa lake. Kulikuwa na binti mdogo nyumbani, wa miaka minne, na kila gari likiingia getini mtoto anatoka mbio kwenda kumfungulia mama yake mlango. Anafungua, anakuta kiti kitupu. Kesho anakimbia tena. Baba alijaribu kuliuza, akafika na mnunuzi hadi mwisho, akashindwa kumkabidhi ufunguo. Kuliuza hawezi, na kulirudisha nyumbani vile vile hawezi.

"Libadilisheni," akatuambia. "Sura, rangi, hata mlio wa ekzosi. Watoto wangu wasilijue. Na msije mkasema, hata siku moja."

Pasi akampa mkono, akaahidi. Na mimi yule baba aliniomba kitu kimoja tu: nisikichane kitambaa cha kiti cha abiria. Nikiache, nishone kipya juu yake. Kwenye kazi yetu huo ni uzembe, fundi anayefunika kitambaa cha zamani anachekwa, lakini nilishona. Miezi miwili kila akitoka kazini alikuja kukaa kwenye benchi letu, anaangalia gari la mkewe likipotea kidogo kidogo. Siku lilipokamilika alisema asante akaondoka. Boneti ya njano ilibaki hapa. Pasi alikataa kuiuza chakavu, akaifanya kofia ya kompresa. Nikasahau. Mtu unasahau, una watoto, una kazi.

Sasa mkono wa Pasi umekutana na mshono wake mwenyewe. Zamani zile hatukuwa na mashine ya umeme ya kuchomelea. Aliunga kwa gesi na shaba, joto likapindisha bati kidogo, akafukia kwa puti, ule udongo wa kusawazishia bati. Kwa miaka hiyo yote puti ilikuwa imebonyea, na kiganja kikaliona bonde.

Kazi ikaanza. Pasi alikata kwa mikono yake ya leo kile alichounga kwa mikono yake ya ujana, na nikwambie, ilikuwa inaniuma kumtazama. Kila Jumamosi Daktari alikuja kuona tulipofikia, na kadiri alivyotuzoea ndivyo ulimi ulivyolegea. Baba yake hakumwita baba. Alimwita "yule mzee".

"Wiki sita baada ya kumzika mama," alisema Jumamosi moja, "yule mzee aliondoka asubuhi na gari la njano. Baada ya miezi miwili akarudi na hili. La kijivu, jipya, linang'aa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikamwuliza gari la mama liko wapi. Unajua alinijibu nini? 'Limekwenda.' Basi. Aliuza gari la mama akanunua la kutambia."

Pasi alikuwa chini ya gari. Nyundo ikanyamaza.

"Amefariki mwaka huu," Daktari akaendelea. "Gari akaniachia mimi. Hata kadi yake ya usajili ni ya ovyo, imeandikwa mwaka wa toleo la mwanzo! Karani alikosea, na yule mzee hakujisumbua kurekebisha. Nimeshawaandikia barua wasahihishe."

Mwenzangu, nilijiuma ulimi hadi nikaonja damu. Mtu msomi, ana ukweli mkononi, umepigwa muhuri, na yeye anamwona karani ndiye mjinga! Na namba? Namba zilibadilishwa magari yote ya nchi mwaka ule ule, kwa hiyo hata hapo hakuwa na pa kushtukia.

Alipoondoka nikamfuata Pasi.

"Tumwambie."

"Niliahidi."

"Uliyemwahidi amekwishazikwa."

"Ndiyo maana," akasema. "Angekuwa hai ningemwomba ruhusa."

"Haya, wewe uliahidi. Mimi sikuahidi. Siku mnapeana mikono mimi nilikuwa nyuma ya choo natapika kwa sababu ya mwanao."

Akacheka kidogo. Halafu akakaa juu ya tairi, akaanza kukanda vidole vyake, akasema maneno marefu kuliko yote niliyomsikia mwaka huu. "Ukimwambia leo, atakwenda kumwomba radhi nani? Miaka yote hiyo hakupatana na baba yake. Amezoea kumchukia, na mwenye kuchukiwa hayupo tena, haumii. Wewe unataka kumtwisha mzigo ambao hana pa kuutua. Mwache apate sura ya gari la mama yake, afurahi, aende zake."

Nilikuwa sijawahi kushindwa na Pasi kwa maneno. Wiki tatu nilimwangalia Daktari akija, akitabasamu madigadi yakibana, na kila nikitaka kufungua mdomo naona ule mzigo. Kumbuka pia nilikuwa nimechoka. Mtu aliyechoka anapenda sana kuambiwa anyamaze.

Jumamosi ya nne nikamwuliza tu, kwa kuzungumza, kama kaburi la baba yake na la mama yake yako pamoja.

"Yako jirani," akasema. "La mama nimelijengea. Gari likiisha nitapita nalo pale. La yule mzee halina kitu. Dada yangu ananisumbua, tuweke hata kibao cha jina. Nimemwambia aweke yeye akitaka. Mimi jina lake siandiki."

Damu ikanipanda kichwani. Nilimwona yule baba kwenye benchi, shati la kazini limelowa machozi, na sasa amelala chini hana hata jina juu yake, kwa kosa la kuwahurumia watoto wake. Hapana. Mzigo ni wake, aubebe.

"Daktari," nikasema, "Jumamosi ijayo uje mapema. Nafungua viti. Nataka uwepo, usije ukasema nimekubadilishia sponji."

Pasi aliniangalia. Usiku ule hatukusemeshana, wala kesho yake.

Daktari alikuja saa mbili asubuhi. Kiti cha abiria nilikuwa nimekitoa, nimekiweka kwenye meza yangu. Nikampa wembe.

"Kata mwenyewe. Taratibu, kwenye mshono tu."

"Mimi?"

"Si unashona fizi za watu? Kata."

Alicheka, akakata. Leza ya kijivu, ile ngozi niliyoshona juu, ikafunguka upande mmoja, nikaivuta. Chini yake kilikuwepo kitambaa cha kahawia, safi kama siku nilipokifunika, na katikati yake kiraka. Kiraka cha maua ya bluu, kimeshonwa kwa mkono, mshono wa mtu asiyejua kushona kabisa, unakwenda kulia unarudi kushoto. Zamani nilikicheka kiraka kile, Mungu anisamehe.

Daktari akauweka wembe mezani. Akaweka kidole juu ya kiraka, akakizungusha pembeni yake.

"Nilitoboa mimi," akasema. "Kwa bikari ya shule. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikata kwenye pindo la gauni lake..." Akanigeukia mimi. "Mama, hiki kiti mmekitoa wapi?"

"Kimetoka kwenye gari lako."

"Si kweli."

Nikasikia bati likikwaruza. Pasi alikuwa ameishusha boneti kutoka juu ya kompresa, peke yake, na ule mgongo wake. Nikataka kumkimbilia, akanikataza kwa kichwa. Akaibeba hadi kwenye gari, akailaza mahali pake kati ya madigadi mawili mapya. Ikakaa. Pande zote nafasi ilikuwa sawa, unene wa kidole. Akachovya kitambaa kwenye thina ya kusafishia rangi, akasugua kona moja, kutu na masizi vikatoka, na chini yake ilikuwa njano.

"Mimi niliahidi kutosema," Pasi akamwambia. "Sikuahidi kutorudisha."

Daktari akaigusa ile njano kwa kidole.

"Kadi haikukosewa."

"Haikukosewa," nikasema.

"Basi kwa nini? Kwa nini hakuniambia?"

Nikamwambia yote, habari ya dada yake na mlango, habari ya mnunuzi na ufunguo. Sikutia chumvi wala sikupunguza. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja umeshika boneti, na nilipofika kwa mtoto anayefungua mlango akakuta kiti kitupu, akaanza kutikisa kichwa.

"Yule mzee alinipigia simu," akasema. "Amelazwa. Akaniambia nikalichukue gari nyumbani, niende nalo hospitali, akae kidogo tu. Akasema akae kiti cha abiria. Nikafikiri uzee umempanda. Nikamjibu sina nafasi."

Pasi alikuwa ameniambia, na kweli nilimwona Daktari akiutafutia ule mzigo mahali pa kuuweka, hapaoni. Nilijuta. Naomba nikiri, nilijuta kabisa.

Halafu akauliza, "Baba alikuwa anakaa wapi?"

Miezi yote ile sikuwa nimemsikia akilitamka neno hilo. Nikamwonyesha benchi la getini. Akaenda, akakaa. Pasi alizima kompresa, kitu ambacho hafanyi mchana wa kazi hata akiwa na homa, na tukamwacha pale mpaka jua likafika miguuni mwake.

Kazi ilichukua miezi miwili mingine. Pasi aliifanya kwa mkono wa kulia zaidi, wa kushoto ulikuwa umegoma. Rangi tulichanganya kwa kulinganisha na kona ya boneti. Ekzosi tukarudisha ya mlio wa zamani. Kiti cha abiria sikukigusa, nilikipiga brashi tu. Bampa za plastiki na madigadi mapana Daktari hakutaka yatupwe. Aliyafunga kwenye blanketi akayapeleka kwake. Katikati ya kazi alikuja siku moja na karatasi, akatuonyesha maandishi ya kibao cha kaburi, akaniuliza kama tarehe zimekaa vizuri. Zilikuwa zimekaa vizuri.

Siku ya kulichukua alimwita dada yake. Hakuwa amemwambia kitu, alitaka alione mwenyewe. Alipofika, Daktari alikuwa ndani, kwenye usukani, injini inaunguruma. Dada ni mama wa watoto wawili sasa, mnene kidogo, ana mkoba mkubwa wa kazini. Aliposikia ule mlio alisimama getini. Mkoba ukamteleza begani, hakuuokota.

Hakukimbia. Alitembea polepole kuuvuka ua wetu, akapita mbele ya gari, akaenda moja kwa moja mlango wa abiria. Akaufungua, akasimama pembeni ameushika, kama mtu anayempisha mwingine ashuke.

Kaka yake akainama kutoka upande wa usukani. "Ingia wewe," akamwambia.

"Ngoja kidogo," akasema dada, na akaendelea kuushika mlango.